UZI: Umeacha nyama? Vipimo vya mikunde, mboga na B12 kwa walaji wa Tanga

Lishe_Tanga (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam.

Aliyeacha nyama, iwe kwa Kwaresima, kwa imani yake au kwa ushauri wa hospitali, huuliza jambo moja: sasa nile nini? Mitaani hujibiwa "kula mboga za majani kwa wingi", na jibu hilo ndilo linalowadhoofisha watu. Kikombe cha mchicha uliopikwa kina protini gramu tatu hivi. Nafasi ya nyama inachukuliwa na mikunde: maharage, kunde, mbaazi, choroko, dengu, fiwi, njugu mawe, soya. Majani yana kazi yake na mikunde ina kazi yake, hakuna anayemkaimu mwenzake.

Itazameni sahani ya hapa kwetu ikiondolewa nyama na samaki bila kupangwa. Asubuhi chai na maandazi. Mchana wali wa nazi na mchuzi wa nyanya wenye bamia tatu. Jioni mihogo ya kukaanga au chapati na chai tena. Tumbo limejaa, lakini siku nzima imekuwa wanga na mafuta. Mtu anaongezeka kiuno huku damu inapungua, halafu lawama anatupiwa "ulaji wa mboga". Kosa liko kwenye mpangilio.

Twende kwenye hesabu. Mtu mzima anahitaji protini gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 ni gramu 48. Protini ya mimea humeng'enywa pungufu kidogo kuliko ya maziwa na mayai, kwa hiyo lenga 55 hadi 60.

Nikichukua kikombe cha mililita 250: maharage yaliyopikwa yana gramu 15 hivi, choroko 14, mbaazi 11, maziwa 8, wali 4. Karanga kiganja kimoja (gramu 30) ni gramu 7. Yai moja 6. Ugali wa dona uliopikwa kwa unga gramu 150 una gramu 12 hivi.

Sasa pangeni siku. Asubuhi mbaazi za nazi kikombe kimoja na maandazi mawili: 17. Mchana ugali wa dona, maharage kikombe, mchicha: 30. Jioni wali kikombe na nusu na choroko robo tatu ya kikombe: 16. Katikati karanga kiganja: 7. Jumla gramu 70, na hakuna kitu hapo kisichopatikana Mgandini au Ngamiani.

Kwa anayekwenda sokoni: gramu 70 za mikunde mikavu zikipikwa hutoa kikombe kimoja. Hata vikombe viwili tu kwa siku ni gramu 140, yaani kilo moja kwa mtu mzima kwa wiki. Nyumba ya watu wazima wanne inayonunua kilo moja na nusu kwa wiki iko mbali sana na kipimo, hata kama kila siku "wanakula maharage".

Kijana_Raskazone

Asante mkuu. Lakini inasemwa protini ya maharage haijakamilika, lazima uile pamoja na nafaka kwenye sahani moja. Ni kweli?

Lishe_Tanga

Nusu yake kweli. Protini hujengwa na asidi amino. Mahindi na mchele yana upungufu wa ile iitwayo laisini, na maharage yanayo ya kutosha. Maharage nayo yana upungufu wa methionini, na nafaka inayo. Ndiyo maana ugali kwa maharage, wali kwa choroko, na makande vinakamilishana vizuri. Ila si lazima vikutane kwenye sahani moja. Mwili hukusanya kutoka milo ya siku nzima. Cha lazima ni kwamba siku hiyo umekula vyote viwili, na kwa kiasi.

Kwa vijana wa mazoezi, kipimo kinapanda hadi gramu 1.2 au 1.6 kwa kilo. Nyama ya soya, zile chembe kavu za kwenye pakiti, ina protini karibu nusu ya uzito wake. Gramu 40 kavu ni gramu 20 za protini. Iloweke kwenye maji ya moto, ikamue, umwage maji yale, ndipo uikaange na kitunguu. Tazama chumvi kwenye pakiti, kwani nyingine zimeshatiwa viungo.

Mpishi_wa_Ngamiani

Niongezee jikoni, maana watu wengi huacha mikunde kwa sababu ya gesi tumboni na mkaa unaoteketea.

Chagua kwanza, toa mawe na zilizotobolewa na wadudu. Osha, loweka usiku kucha, saa 8 hadi 12, maji yawe mara tatu ya maharage. Kwa joto letu hili usipitishe saa 12, yataanza kuchacha. Asubuhi mwaga maji hayo na upikie maji mapya. Ndani ya maji ya kulowekea mna sukari zinazoleta gesi na sehemu ya fitati, kitu kinachoshika madini chuma na zinki visifyonzwe na mwili. Choroko na adesi zinatosha saa 2 hadi 4, na zikiwa mpya hata bila kulowekwa zinaiva.

Maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu, mapovu yakipanda, dakika 10 hadi 30 za mwanzo, ndipo upunguze moto. Yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko tu. Kuyaweka kwenye moto wa kuvizia tangu mwanzo hakutoshi, na mlaji atatapika na kuharisha ndani ya saa chache. Anayepika kwa kikapu cha joto achemshe kwanza.

Nyanya, ukwaju, ndimu au embe mbichi visiingie chunguni kabla maharage hayajaiva. Ukali wake unazuia ganda kulainika, utapika tangu adhuhuri mpaka magharibi. Tui nalo liingie mwisho.

Magadi yanalainisha haraka, hilo halina ubishi, lakini yanaua vitamini B1 na kupunguza foleti, vitamini nyingine ya kundi la B. Ukiloweka vizuri huyahitaji. Kama yamelowekwa na bado hayaivi, basi hayo ni ya zamani. Maharage yakikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu wa pwani huwa magumu moja kwa moja. Nunua ya kutosha wiki mbili tatu, yatunze kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, na muulize muuzaji kama ni ya msimu huu.

Na asiyezoea aanze na nusu kikombe kwa siku kwa wiki ya kwanza, kisha aongeze. Tumbo linazoea.

Mgosi_wa_Lushoto

Kwa upande wa majani, wengi wanafikiri ni yale yale. Siyo.

Mchicha una kalsiamu nyingi kwenye jedwali la virutubishi, lakini una oksaleti inayoishika, mwili unapata kidogo sana. Ukitaka kalsiamu, sukuma wiki na kabichi za majani zinazopandwa huku milimani na kushuka Mombo zinafaa zaidi. Oksaleti yake ni ndogo, na kalsiamu yake hufyonzwa vizuri hata kuliko ya maziwa, ingawa kwa kikombe maziwa yana nyingi zaidi. Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 kwa siku. Kikombe cha maziwa kina 300 hivi. Asiyekunywa maziwa aongeze ufuta usiokobolewa: kijiko cha chakula kina miligramu 88 hivi. Lakini usagwe au utwangwe. Punje nzima inapita tumboni ikatoka kama ilivyoingia. Ufuta mweupe uliokobolewa umepoteza sehemu kubwa ya kalsiamu hiyo.

Mchicha, matembele, mnavu, majani ya kunde na ya maboga, yazungushe ndani ya wiki. Osha kabla ya kukata, si baada, maana vitamini C na foleti huondoka na maji. Pika dakika 5 hadi 7, maji kidogo, usimwage mchuzi wake. Na tia mafuta kijiko kimoja au tui kidogo, kwa sababu vitamini A ya majani, karoti na viazi lishe haifyonzwi bila mafuta.

Kisamvu kina utaratibu wake. Majani ya muhogo yana sianidi. Twanga mpaka yalainike kabisa, maana kutwanga ndiko kunakoiachia sumu itoke, kisha chemsha sufuria ikiwa wazi angalau nusu saa kabla ya kutia tui na karanga. Kufunika kunairudisha ndani. Kisamvu kilichokatwakatwa kwa kisu na kuchemshwa juu juu si salama.

Kijana_Raskazone

Na bada? Kwa nyumba zinazokula ugali wa muhogo kila siku, hesabu ya mwanzo inabadilika?

Lishe_Tanga

Inabadilika sana, na ni vizuri umeuliza. Unga wa muhogo gramu 150 una protini gramu mbili au tatu tu, ambapo dona ilikuwa na 12. Kwa hiyo kwenye mlo wa bada kikombe cha maharage kiwe kikombe na nusu hadi viwili, au ongeza yai na karanga.

Kuna sababu ya pili. Ini huiondoa sianidi kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini. Mtu anayekula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vizuri, na protini yake ni ndogo, anaweza kupata konzo: miguu inakakamaa ghafla na kupooza, na haiponi. Ugonjwa huo ulitokea Tarime miaka ya 1980. Muhogo mchungu ulowekwe siku tatu mpaka ulainike, ndipo ukaushwe na kusagwa. Unga ambao huna hakika nao uchanganye na maji, utandaze safu isiyozidi sentimita moja, uuache juani saa mbili au kivulini saa tano, kisha songa ugali wako siku hiyo hiyo.

Mkunga_Pangani

Dada zangu, hapa ndipo penye hatari kubwa: damu.

Madini chuma ya mimea hufyonzwa kwa shida kuliko ya nyama, kiasi kwamba asiyekula nyama kabisa anakadiriwa kuhitaji mara 1.8 ya kipimo cha mwenzake. Kwa mwanamke anayepata hedhi tofauti hiyo ni kubwa. Huwezi kuiziba kwa kula tu zaidi. Unaiziba kwa kupanga kinachoandamana na mlo.

Cha kwanza ni chai. Chai ya rangi na kahawa, zikinywewa pamoja na mlo, hupunguza ufyonzaji wa madini chuma kwa zaidi ya nusu. Maziwa ndani ya chai hayaiondoi athari hiyo. Mbaazi kwa maandazi kwa chai ndiyo staftahi ya mji huu, na haina haja ya kufa: sogeza chai saa moja mbele au nyuma ya mlo.

Cha pili ni vitamini C ndani ya mlo ule ule. Hapa watu hukamulia ndimu nusu wakadhani wamemaliza. Kijiko cha maji ya ndimu kina miligramu tano hivi tu. Chungwa moja la Muheza lina 50 hadi 70, na pera moja la wastani linapita hapo. Kula tunda lenyewe mezani, pamoja na maharage, si saa tatu baadaye. Embe, papai na unga wa ubuyu uliokorogwa kwa maji bila kuchemshwa vinafaa pia. Ubuyu wa rangi uliopikwa na sukari ni peremende, msiuhesabu.

Kwa wajawazito: vidonge vya madini chuma na foliki asidi (foleti ya vidonge) vinavyotolewa kliniki ni vya lazima, na zaidi kwa asiyekula nyama. Meza kwa maji au juisi ya chungwa, usimeze kwa chai wala maziwa. Na ule udongo wa kula unaouzwa sokoni, tafadhali uacheni. Unashika madini chuma tumboni, na unaweza kubeba minyoo na risasi. Hamu kubwa ya udongo mara nyingi ni dalili kwamba damu tayari imepungua, nenda ukapime.

Mlaji_Mboga_Chumbageni

Nimeona watu wanauza mwani kama chanzo cha vitamini B12 kwa wasiokula nyama. Na pwani yetu inalima mwani. Mnasemaje?

Mfamasia_Chumbageni

Ndugu, mwani usiutegemee kwa hilo. Sehemu kubwa ya kinachopimwa ndani ya mwani na spirulina kama B12 ni kitu kinachofanana nayo ambacho mwili hauwezi kukitumia. Hakuna mmea unaotoa B12 ya kuaminika. Si mwani, si uyoga, si togwa, si mboga ambayo haikuoshwa udongo.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, mjamzito 2.6, anayenyonyesha 2.8. Kikombe cha maziwa kina 1.1 hivi, yai moja 0.5. Kwa hiyo anayekunywa vikombe viwili vya maziwa au mtindi na yai moja kila siku amefika. Mkoa wetu una maziwa, hilo ni rahisi. Maziwa mabichi lazima yachemshwe kwa ajili ya brusela na kifua kikuu, lakini yakichemka vizuri yatoe, usiyaache yatokote nusu saa.

Asiyekula maziwa wala mayai hana njia ila kidonge au chakula kilichoongezwa B12. Kipimo kinachopendekezwa sana ni mikrogramu 10 kila siku, au 2,000 mara moja kwa wiki. Msishangae tofauti hiyo, tumbo hufyonza sehemu ndogo sana ya dozi kubwa. Unga wa ngano wa kiwandani unaweza kuwa umeongezwa virutubishi, soma mfuko kama B12 imetajwa, lakini usiutegemee peke yake.

Kinachoponza watu ni kuchelewa. Ini huhifadhi B12 ya miaka kadhaa, kwa hiyo mtu anaacha vyote vya mnyama, mwaka wa kwanza yuko sawa, wa pili sawa, anahitimisha kuwa haihitaji. Baadaye ganzi nyayoni na vidoleni, ulimi kuuma, kuyumba gizani, kusahau. Na kwa kuwa mlaji wa majani na maharage ana foleti nyingi, picha ya damu inaweza kuonekana nzuri huku mishipa ya fahamu inaharibika. Uharibifu huo ukikaa, haurudi wote. Wanaotumia metformini kwa sukari, na wazee, wamwombe daktari kipimo cha B12 hata kama wanakunywa maziwa.

Mwani una madini joto, tena mwingine unayo kupita kiasi, kwa hiyo usile kila siku kwa wingi. Chanzo cha uhakika ni chumvi ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto. Chumvi ya mawe inayotoka moja kwa moja kwenye mashamba ya chumvi huku pwani, isiyoongezwa kitu, haina ya kutosha, ingawa imetoka baharini. Funika chombo, tia chumvi mwisho wa mapishi, na isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa mtu.

Mpishi_wa_Ngamiani

Naombeni mzungumzie nazi, maana hapa ndipo wengi tunazidisha. Wali wa nazi, mbaazi za nazi, mchicha wa nazi, vyote siku moja.

Lishe_Tanga

Kweli kabisa. Nyama ya nazi moja ya wastani ina mafuta gramu 130 hivi, na karibu tisa ya kumi ni mafuta yale yanayopandisha lehemu mbaya. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, kiwango cha juu cha mafuta ya aina hiyo ni gramu 22 kwa siku. Tui la nazi moja likigawanywa kwa watu watano tayari limechukua sehemu kubwa ya hizo.

Kanuni ninayoisimamia: nazi moja kwa watu watano, chungu kimoja kwa siku. Wali ukiwa wa nazi, mchicha ukaangwe kwa kijiko cha alizeti. Mbaazi zikiwa za nazi, wali uwe mweupe. Tui la pili na la tatu latosha kupikia, tui zito likaingia vijiko vichache mwishoni kwa ladha. Asiyekula samaki pia anakosa omega-3, hivyo apate kijiko cha chakula cha mbegu za chia au kitani zilizosagwa kila siku, au apikie mafuta ya soya baadhi ya siku.

Mkunga_Pangani

Kwa watoto mseme pia, maana unga wa lishe unaouzwa unanitia wasiwasi.

Lishe_Tanga

Wasiwasi wako una msingi, Mkunga. Unga wenye nafaka saba, soya, karanga na ufuta vyote vimesagwa pamoja una matatizo matatu. Karanga na ufuta ndani ya unga huchacha haraka na kuvuta ukungu. Soya mbichi ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe, na uji wa dakika tano hauiivishi. Na mtoto akidhurika hujui ni kipi kimemdhuru. Tumia nafaka moja au mbili tu, dona na ulezi kwa mfano. Karanga zisagwe pembeni, zitiwe wakati wa kupika. Soya ichemshwe dakika 30 ikaushwe, au ikaangwe vizuri, kabla ya kusagwa.

Baada ya miezi sita, huku akinyonya: vijiko vitatu vya unga kwa kikombe cha uji, kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa, na maziwa kama nyumba inatumia. Uji ubaki juu ya kijiko, usidondoke kama maji. Tumbo la mtoto ni dogo, uji mwepesi unalijaza bila kumlisha. Ukiwa mzito sana, usiongeze maji. Uache upoe uwe vuguvugu, tia kijiko cha chai cha unga wa kimea cha ulezi, koroga, utalainika wenyewe, kisha urudishe jikoni uchemke tena. Choroko zilizopondwa na kuchujwa maganda, yai, parachichi na papai vifuate. Karanga nzima asipewe mtoto chini ya miaka mitano, zinapalia.

Mama anayenyonyesha na hatumii maziwa wala mayai ahakikishe B12 yake kwanza, kwa kuwa maziwa yake ndiyo akiba ya mtoto.

Mgosi_wa_Lushoto

Kuhusu ukungu: karanga na mahindi yenye rangi ya kijani au nyeusi, yaliyosinyaa au machungu mdomoni, yatupwe, wala kuku wasipewe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kuosha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Anayekula karanga kila siku kama chanzo cha protini yuko kwenye hatari kubwa kuliko mla samaki, kwa hiyo achambue punje kwa punje kabla ya kukaanga. Karanga iliyokwisha kusagwa inayouzwa kwa kipimo huwezi kuichambua tena, ni heri kununua punje na kusagisha mwenyewe.

Mlaji_Mboga_Chumbageni

Nimeelewa. La mwisho: aliyekaa mwaka mzima bila nyama, apime nini hospitali?

Mfamasia_Chumbageni

Wingi wa damu, na ikiwezekana feritini, ambayo huonyesha akiba ya madini chuma kabla damu haijashuka. B12, na asiyetumia maziwa wala mayai asikose hicho. Apime uzito na kiuno pia. Mjamzito afuate ratiba ya kliniki na aseme wazi siku ya kwanza kwamba hali nyama. Na ukiwa na ganzi ya miguu tayari, usianze kumeza vidonge vya foliki asidi peke yake kabla B12 haijapimwa.